NENO "SWEET" NA "TAMU" YETU: MAANA, MATUMIZI NA ASILI

Utangulizi

Katika madarasa ya Afrika Mashariki kuna sentensi moja ya Kiingereza ambayo imepigiwa mstari mwekundu mara nyingi mno. Mwanafunzi anaandika insha juu ya arusi iliyofanyika kijijini kwao. Anataja matoke, nyama ya mbuzi na mchuzi wa karanga, kisha anamaliza aya kwa kusema: "The food was very sweet." Mwalimu wa Kiingereza anakata alama na kuandika pembeni "delicious". Mwanafunzi anabaki ameduwaa. Chakula kilikuwa kitamu, na kamusi aliyonayo inamwambia kwamba tamu ni "sweet". Kosa liko wapi?

Katika somo la tafsiri mambo hugeuka. Mwanafunzi yuleyule anapewa kifungu cha Kiingereza kinachomtaja mzee mpole na mkarimu kwa maneno "a sweet old man", naye anaandika "mzee mtamu". Darasa zima linaangua kicheko, kwani kumwita mtu mtamu katika Kiswahili cha mitaani kuna maana ambayo haiandikwi katika insha ya shule. Safari hii anayekata alama ni mwalimu wa Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno "sweet" kwa mambo matatu: maana yake ya leo, asili yake, na njia iliyopitia hadi kufika lilipo. Nitajaribu kuonyesha kwamba kosa la mwanafunzi wetu si la uvivu wala la ujinga. Maana anayoipa "sweet" iko karibu sana na maana ambayo Waingereza wenyewe walikuwa nayo zamani. Aidha, nitaonyesha kwamba historia ya neno hili haiwezi kutenganishwa na historia ya sukari, na kwamba historia hiyo ya sukari ni chungu.

Suala hili linatuhusu sisi walimu zaidi kuliko zamani. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, wanafunzi wengi wanakutana na Kiswahili wakiwa tayari wanatumia lugha ya mama na Kiingereza. Mwalimu asiyeweza kueleza tofauti baina ya maneno yanayofanana atabaki na kalamu nyekundu tu.

Maana na matumizi ya leo

Katika Kiingereza cha leo, neno "sweet" likitajwa mbele ya chakula huwa na maana moja kwanza: ladha ya sukari au asali. Chai iliyokolea sukari ni "sweet". Embe lililoiva ni "sweet". Mchuzi wa kuku, hata uwe mzuri namna gani, si "sweet" labda mpishi awe ameutia sukari. Mwingereza akiambiwa kwamba pilau ni "sweet", atadhani limepikwa kwa zabibu na sukari nyingi.

Hata hivyo, nje ya sahani neno hilohilo lina maana pana. Sauti ya mwimbaji huwa "sweet". Harufu ya waridi huwa "sweet". Mtoto mchanga, bibi mkarimu na rafiki aliyekumbuka siku yako ya kuzaliwa, wote huitwa "sweet". Vijana husema "Sweet!" pale ambapo vijana wetu wangesema "Poa!" Mpenzi huitwa "sweetheart", neno ambalo limetumika tangu karne ya 13, na ambalo hakuna Mswahili atakayelitafsiri kuwa "moyo mtamu" maadamu tunayo maneno mpenzi, muhibu na laazizi.

Kuna matumizi mengine yanayotatiza zaidi. "Sweet water" ni maji yasiyo na chumvi, yaani maji ya mto au kisima. "Sweet milk" ni maziwa mabichi ambayo hayajaganda. "Sweet butter" ni siagi isiyotiwa chumvi. Hakuna sukari katika vitu hivi vitatu. Wahandisi wa mafuta ya petroli nao huyaita mafuta ghafi "sweet" yakiwa na salfa kidogo; kwa hiyo mafuta yaliyogunduliwa katika Bonde la Ufa upande wa Ziwa Albert, ambayo salfa yake ni ndogo, huingia katika kundi hilo ingawa hakuna atakayeyatia kwenye chai.

Vilevile kuna maneno ambatani yanayomnasa mfasiri asiye mwangalifu. "Sweetmeat" si nyama. Ni vitu kama haluwa na pipi. Neno "meat" hapo limehifadhi maana yake ya kale ya chakula chochote. "Sweetbread" nayo si mkate wala haina sukari. Ni nyama ya tezi ya ndama au ya mwanakondoo. Anayetafsiri orodha ya vyakula vya hoteli kwa kamusi peke yake atampa Mwislamu anayefunga, Mhindu asiyekula nyama na mgonjwa wa kisukari maelezo ya uongo kwa wakati mmoja.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini neno lililo pana namna hii kwa sauti, harufu, tabia, maji na maziwa, limekuwa jembamba kwa chakula tu? Ili kulijibu, yatupasa kurudi nyuma.

Asili ya neno

Katika Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa kabla ya mwaka 1066, neno hili lilikuwa "swēte". Lina ndugu katika lugha zote za Kijerumaniki: Kijerumani kina "süß" na Kiholanzi kina "zoet". Wanaisimu wanalirudisha hadi kwenye mzizi wa lugha mame ya Kihindi-Ulaya, ambao huandikwa *swād-. Kinyota hicho, kama tujuavyo, huonyesha kwamba umbo lenyewe halikukutwa katika maandishi bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha.

Mzizi huo umezaa watoto wengi. Katika Kisanskriti kuna "svādu", chenye ladha ya kupendeza. Ndugu zake ni maneno ya kisasa ya Kihindi na Kigujarati yenye maana ya ladha, ambayo wakazi wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam huweza kuyasikia katika mikahawa ya Wahindi. Katika Kigiriki cha kale kuna "hēdys", chenye kupendeza, na kutokana na jamaa yake "hēdonē", raha, limepatikana jina la falsafa ya wale wanaosema kwamba raha ndiyo lengo la maisha. Katika Kilatini kuna "suavis", chenye kupendeza, na kitenzi "suadere", kushawishi. Neno la Kiingereza "persuade" limetokana na kitenzi hicho. Kumshawishi mtu, kwa Warumi, kulikuwa ni kama kumfanyia jambo liwe tamu. Mswahili hana haja ya kufundishwa hilo, kwani wahenga wake walikwisha kusema: maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Msomaji anaweza kushangaa vipi "hēdys" na "sweet" ziwe za ukoo mmoja ilhali hazifanani. Jibu ni lilelile tunalowapa wanafunzi tunapolinganisha lugha za Kibantu: tusitafute kufanana, tutafute kulingana kwa sauti kwa utaratibu. Katika Kigiriki, *sw- ya mwanzo iligeuka kuwa h-. Katika lugha za Kijerumaniki, *d iligeuka kuwa t, na ndiyo maana Kilatini kina "decem" na "duo" ambapo Kiingereza kina "ten" na "two". Jacob Grimm aliieleza kanuni hiyo mwaka 1822. Carl Meinhof alipochapisha kitabu chake juu ya sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, alikuwa akifuata njia hiyohiyo ya ulinganishi.

Kuna jambo jingine la kifonolojia linalofaa darasani. Katika Kiingereza cha Kale, kivumishi kilikuwa na irabu e, "swēte", lakini kielezi kilikuwa na irabu o, "swōte". Irabu ya kivumishi ilikuwa o pia hapo mwanzo, ila ilibadilika kwa sababu ya sauti ya i iliyoifuata katika umbo la kale. Baadaye sauti hiyo ya i ikatoweka na kuacha alama yake. Ndicho kilichotokea katika "foot" na "feet". Maumbo yote mawili ya neno letu yaliishi hadi wakati wa Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Kiswahili nacho kina mabadiliko ya namna hii, ingawa kwetu iliyobadilika ni konsonanti: pika na mpishi, iba na mwizi, fuata na mfuasi, penda na mpenzi. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini tunasema mpishi na si mpiki hatapata tabu kuelewa kwa nini "swōte" na "swēte" ni ndugu.

Na je, maana? Katika maandishi ya Kiingereza cha Kale na cha Kati neno hili lilikuwa na maana ya asali, lakini pia lilikuwa na maana ya kitu chochote kinachopendeza milango ya fahamu: ulimi, pua, sikio, na hata moyo. Chaucer anapoanza Canterbury Tales, mvua za Aprili ndizo anazozipa sifa ya utamu. Katika Biblia ya Kiingereza iitwayo King James, iliyotoka mwaka 1611, moshi wa sadaka katika kitabu cha Mambo ya Walawi unaelezwa kwa neno hilohilo. Inafaa kuona kwamba watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, hawakuandika "harufu tamu" mahali pale. Walisema harufu ya kupendeza. Walitafsiri maana, hawakutafsiri neno.

Wafaransa mezani

Mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo, Kifaransa kilikuwa lugha ya ikulu, mahakama na meza za wakubwa. Kila mwalimu wa Kiingereza hutoa mfano wa wanyama: ng'ombe na nguruwe walipokuwa malishoni waliitwa kwa maneno ya Kiingereza, walipofika mezani waliitwa "beef" na "pork", maneno yenye asili ya Kifaransa.

Hali kadhalika, msamiati wa ladha uliingiliwa. Neno "taste" lenyewe limetoka katika Kifaransa cha Kale, ambako hapo mwanzo lilihusu kugusa na kupapasa. "Flavour" limetoka huko. "Savoury" limetoka huko. "Delicious" limetoka huko pia, likiwa na mizizi katika Kilatini, na lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiingereza kufikia mwanzoni mwa karne ya 14. Lugha inapopokea maneno mapya katika uwanja mmoja wa maana, maneno ya zamani aghalabu husogea ili kuyapisha. Mwingereza aliyekuwa na "delicious" kwa ajili ya chakula kizuri cha aina yoyote hakulazimika tena kulibebesha "sweet" kazi hiyo.

Hapa pana ulinganisho mzuri na Kiswahili. Sisi pia tulipokea msamiati wa ladha kutoka nje. Neno ladha ni la Kiarabu. Asali ni la Kiarabu. Haluwa ni la Kiarabu, na mzizi wake ndio unaobeba maana ya utamu katika lugha hiyo. Hata hivyo, "tamu" haikusogea. Iliendelea kushika asali na pia pilau, kwa sababu ladha iliingia kama jina la jambo lote, haikuingia kama kivumishi cha kugombea nafasi. Kukopa maneno, basi, hakufinyi maana kila mara. Inategemea neno la mgeni limekaa kwenye kiti kipi.

Sukari inaingia

Sababu ya pili ya kufinyika kwa "sweet" ni sukari yenyewe. Kabla ya sukari, Mwingereza alipata utamu kwenye asali na matunda. Vilikuwa vitu vya msimu na havikuwa vingi. Miwa ilianza kupandwa na watu wa New Guinea maelfu ya miaka iliyopita. Wahindi ndio waliogundua namna ya kuigeuza maji yake kuwa chembe ngumu. Kwa Kisanskriti chembe hizo ziliitwa "śarkarā", neno lenye maana ya changarawe. Waajemi wakasema "shakar", Waarabu wakasema "sukkar", na kutoka kwa Waarabu neno likasafiri pande mbili. Upande mmoja lilipita Kilatini na Kifaransa hadi likawa "sugar". Upande wa pili lilifuata jahazi za Bahari ya Hindi hadi likawa sukari. Kwa hiyo "sugar" na sukari ni neno moja lililofika kwa njia mbili, wakati "sweet" na tamu hayana undugu wowote. Wanafunzi hufurahi sana wakielezwa jambo hili, nalo huwafundisha kutoamini sura ya neno peke yake.

Katika Uingereza ya karne ya 13 na ya 14, sukari ilikuwa bidhaa ya wafalme. Ilitumiwa kama kiungo, pamoja na tangawizi, mdalasini na zafarani. Mkusanyiko wa mapishi uitwao Forme of Cury, ulioandikwa na wapishi wa Mfalme Richard wa Pili mnamo 1390, unatia sukari katika vyakula vya nyama na samaki bila kuona ajabu. Mezani hapakuwa na mstari wa kutenganisha chakula cha sukari na chakula cha chumvi. Mwaka 1598 Francis Meres alipomsifu William Shakespeare, aliusifu ulimi wake kwa asali na soneti zake kwa sukari. Yote mawili yalikuwa bado ni mambo ya anasa, yanayofaa kusifia.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 17. Waingereza walianza kulima miwa kwa wingi katika kisiwa cha Barbados kuanzia miaka ya 1640, na mwaka 1655 wakaiteka Jamaika kutoka kwa Wahispania. Nguvu kazi ilikuwa ya Waafrika waliokamatwa, hasa kutoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, wakavushwa Atlantiki na kufanywa watumwa. Kazi ya miwa ilikuwa ya mauti: kukata kwa panga juani, kulisha mashine za kusagia usiku kucha, kuchemsha maji ya miwa katika mapipa ya moto. Wakati huohuo kahawa, chai na chokoleti, vinywaji vitatu vyenye uchungu, vilikuwa vinaingia London. Vyote vilitaka sukari.

Sidney Mintz, mwanaanthropolojia wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1985 jinsi ulaji wa sukari Uingereza ulivyopanda kutoka takriban pauni 4 kwa mtu kwa mwaka mwanzoni mwa karne ya 18 hadi takriban pauni 18 ilipofika mwaka 1800. Kwa vipimo vyetu ni kutoka chini ya kilo 2 hadi kilo 8 hivi. Kilichokuwa dawa na kiungo cha mfalme kikawa chakula cha mfanyakazi wa kiwanda.

Sambamba na hayo, mapishi ya Kifaransa yalibadili mpangilio wa mlo. Nyama na samaki vikaachiwa chumvi, siki na mchuzi. Sukari ikasukumwa hadi mwisho wa mlo. Neno "dessert" linasimulia jambo hilohilo, kwani limetokana na kitenzi cha Kifaransa cha kuondoa vyombo mezani: ni kile kinacholiwa baada ya meza kusafishwa. Hapo ndipo "sweet" na "savoury" zilipokaa kama mahasimu. Kwa maoni yangu, huo ndio wakati ambapo "the meat is sweet" ilianza kusikika kama jambo la ajabu. Neno lilikuwa limekwisha kufungwa kwenye bakuli la sukari.

Wapo Waingereza waliotambua kilichokuwa ndani ya bakuli hilo. Mwaka 1791 William Fox alichapisha kijitabu akiwataka wananchi waache sukari ya visiwa vya Karibi kwa sababu ilitokana na damu ya watumwa. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi akikusanya ushahidi dhidi ya biashara hiyo, alikadiria kwamba watu wapatao 300,000 waliiacha. Wanawake ndio waliokuwa mstari wa mbele, maana wao ndio waliosimamia chai ya nyumbani. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku na Bunge la Uingereza mwaka 1807. Sheria ya kukomesha utumwa wenyewe ilipitishwa mwaka 1833 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Ni vizuri wanafunzi wetu wajue kwamba neno wanalolikariri kama jepesi lilipata maana yake ya leo wakati babu za watu wengine walipokuwa wakilipa.

Neno linarudi kwa Waafrika

Jambo la kushangaza ni hili. Neno "sweet" lilipofika kwa Waafrika waliopelekwa Karibi na kwa Waafrika Magharibi waliojenga lugha zao juu ya msamiati wa Kiingereza, lilipanuka tena. Katika Pijini ya Nijeria, mchuzi wa pilipili huwa "sweet" ukiwa mzuri, na habari njema "humtamia" mtu kwa neno hilohilo likiwa kitenzi. Nchini Jamaika pia jambo la kufurahisha huweza "kumsweeti" mtu. Na hapa kwetu Uganda mwanafunzi anaandika kwamba matoke yalikuwa "sweet".

Chanzo chake ni lugha zetu. Kwa Kiganda, kitenzi "okuwooma" hutumika kwa chungwa na kwa mchuzi wa karanga pia. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, "kuryoha" hufanya kazi hiyo. Kwa Kiswahili ni tamu. Msemaji wa lugha hizi anapoliokota "sweet" analijaza maana aliyonayo tayari kichwani. Wanaisimu huita jambo hili athari ya lugha ya kwanza. Kilichotokea ni kwamba athari hiyo imelirudisha neno karibu na mahali lilipokuwa kabla ya Wafaransa na kabla ya sukari. Mwanafunzi hakukusudia kumfuata Chaucer, lakini amekutana naye njiani.

Sukari nayo ilitufikia kwa namna yake. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na kile cha Muljibhai Madhvani cha Kakira kilianza mwaka 1930. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, uzalishaji uliporomoka na sukari ikawa bidhaa ya kutafutwa kwa kujuana. Lakini hata ilipopatikana na hata ilipoadimika, haikuinyang'anya tamu nafasi yake mezani. Pilau lilibaki tamu.

Tamu na mipaka yake

Tusidhani, hata hivyo, kwamba tamu haina mipaka. Mipaka yake ipo, ila imepita mahali pengine. Usingizi ni mtamu, hadithi ni tamu, sauti ni tamu, maneno ni matamu. Harufu kwa kawaida huwa nzuri au ya kupendeza. Tabia ya mtu huwa njema, ya upole, ya ukarimu. Maji ya mto huitwa maji baridi au maji matamu, na hapo tunakutana tena na Kiingereza. Viazi vitamu na "sweet potato" ni mkutano mwingine, na sababu ni moja: lugha zote mbili zililazimika kuvitofautisha na viazi vya mviringo.

Kinyume cha tamu pia si kimoja. Dawa ni chungu, ndimu ni kali, maziwa ni machachu, embe bichi lina ugwadu, ndizi mbichi ina ukakasi, na mchuzi usiokolea chumvi ni chapwa. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kutaja kasoro za ladha, lakini kwa uzuri wa ladha kinatosheka na neno moja. Mla akisema kitamu, amekwisha kumshukuru mpishi.

Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, ningependa kuwapendekezea walimu wenzangu mambo manne.

Kwanza, alama ikatwe, lakini sababu itolewe. Katika mtihani wa Kiingereza sanifu, chakula kizuri kisicho na sukari ni "delicious" au "tasty", na mwanafunzi lazima ajue hivyo, kwani msahihishaji hatamhurumia. Lakini aelezwe kwamba alichoandika kina mantiki, na kwamba neno hilo lilifinywa na historia.

Pili, katika ufundishaji wa tafsiri tuache kutoa orodha za neno kwa neno. "Sweet" ipewe safu yake: tamu kwa asali na sauti, ya kupendeza kwa harufu, mpole au mkarimu kwa mtu, baridi au yasiyo na chumvi kwa maji, mabichi kwa maziwa. Mwanafunzi achague kwa kutazama nomino inayoandamana na neno hilo.

Tatu, watunzi wa kamusi wanaotoka katika idara zetu waandike mifano ya sentensi kwa kila kisawe. Kisawe kisicho na mfano ndicho kilichomzaa yule "mzee mtamu".

Nne, tutumie maneno ya jikoni kufundishia isimu historia. Wanafunzi wengi hulikimbia somo hili kwa kudhani ni la vitabu vya Wajerumani. Wapewe kazi ya kukusanya maneno ya ladha katika lugha za mama zao, waulize wazee, wapange kwenye jedwali: lipi ni la asali tu, lipi linahusu kila chakula kizuri, lipi linavuka hadi kwenye sauti na tabia. Jedwali moja la darasa lenye wasemaji wa Kiganda, Kiacholi, Kinyankole na Kinyarwanda litawafunza zaidi ya mihadhara mitatu.

Wahenga walisema, mchovya asali hachovyi mara moja. Atakayeanza kuchunguza neno moja la ladha ataona kwamba yanamngoja "bitter", "sour" na "salt", na kwa upande wetu chungu, kali na chachu. Kazi hiyo nawaachia wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada za utafiti, na walimu watakaokuwa tayari kuwasimamia.